Wauguzi wa Alhamisi jioni, kambini Mufindi: nyota nne

Nachuma chai huku Mufindi, mwaka wa tisa sasa. Kwetu kilo ndiyo mshahara. Ukienda zahanati asubuhi, ukirudi wenzako wameshapima mara mbili, na hapo nauli ya bodaboda hujaihesabu. Kwa hiyo mtu anaumwa huku anachuma, mpaka adondoke.

Siku hizi wauguzi wawili wa huduma ya mkoba wanakuja kambini kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, tukishatoka mzani. Wana meza moja, mashine ya presha, kipimo cha sukari na sanduku la dawa. Mimi naisifia ile saa kumi na moja kuliko hata dawa zenyewe. Juni, kwenye ule ukungu wa kulowesha mifupa, nilikohoa wiki tatu. Walichukua makohozi palepale, majibu nikapigiwa simu: siyo TB. Sikupoteza hata kilo moja.

Aliyenishangaza ni yule muuguzi mtu mzima. Kijana wa kupiga dawa za shamba aliletwa anatapika, mate yanamtoka, jasho chapachapa kwenye baridi ile. Sisi tukasema kala vibaya. Yeye akauliza: amepiga dawa gani? Hakuna aliyejua jina! Akamvua shati, akaagiza aoshwe kwa maji mengi na sabuni, mwingine akakimbilia stoo kuleta chupa. Akatuonyesha mkanda wa rangi kwenye lebo: mwekundu ndiyo sumu kali kuliko zote, kijani ina nafuu. Kijana akapelekwa hospitali Mafinga, na chupa yake mkononi mwa dereva. Nami miaka yote nafua ovaroli ya mume wangu ya kupigia dawa beseni moja na nguo za watoto.

Nyota moja nimeizuia. Meza iko wazi bandani, na yule muuguzi mdogo, hata salamu ya "kamwene" hakuna, anapaza sauti: "Mama, presha mia na sabini!" Nyapara yuko nyuma yangu. Mwenye shida ya kike ataisemea wapi? Nilimwambia, akaniomba radhi, wiki iliyofuata wakaja na shuka la kukingia. Kwa upepo wa huku, tunalishikilia wenyewe kwa zamu. Halafu dawa za presha wanatoa za siku kumi na nne tu, zikiisha kabla hawajaleta nyingine unaambiwa nenda mjini. Yaani kilo zilezile.

Ukija, beba daftari lako, na kama umepiga dawa njoo na chupa. Wahi pia, maana ukungu ukishuka wanapima kwa tochi ya simu, na simu yenyewe haina chaji.