Skana imelala kabatini: nilivyozitoa picha kwenye negativu za mama kwa simu na kopo la maziwa

Niseme mapema kabla hujatoa hela. Ile mashine ndogo ya kuskani negativu, vile vipande vya filamu vya kamera za zamani vyenye picha iliyogeuzwa rangi, niliyoiagiza kwa laki mbili na ishirini nimeitumia wiki tatu, kisha nikairudisha kwenye boksi lake. Picha ambazo ndugu zangu wanazisifia kwenye grupu la familia nimezipiga kwa simu, juu ya ubao wa taa ninaotumia kunakili maua ya darizi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mambo ya picha sijayasomea popote, nimejifunza kwa kuharibu.

Chanzo ni msiba. Baba mkubwa alipofariki tulitafuta picha ya kukuza na kuweka mbele ya jeneza, tukapata moja tu, ya WhatsApp. Ilipokuzwa, uso ukawa kama ukuta wa vigae. Albamu za nyumbani zilikuwa zile zenye gundi na plastiki juu, na gundi ilishazila picha: ukibandua, nusu ya uso inabaki kwenye ukurasa. Tulipomaliza mambo ya mazishi kule Uru, mama akatoka chumbani na bati la biskuti. "Mwanangu, haya makaratasi ya studio nilitaka kuyachoma. Yanakufaa?"

Ndani mlikuwa na bahasha 31. Nilikaa na taa ya simu nikahesabu fremu 612. Nyingi ni za rangi, za mikanda ya kawaida ya milimita 35, zimekatwa vipande vya fremu nne hadi sita. Nyingine ni nyeusi na nyeupe, na kulikuwa na chache za mraba, kubwa kama biskuti, za kamera za zamani zaidi.

Nikaenda mjini kuuliza. Kijana wa studio akaziinua kwenye mwanga, akaniambia, "Mama, hizi ni elfu mbili kwa moja, na unaziacha wiki mbili kwa sababu tunazipeleka Dar." Mara 612, hiyo ni 1,224,000. Kwa hela hiyo naongezea kidogo nanunua overloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo. Na kuziacha zisafiri peke yake, nakala pekee tuliyobakiwa nayo, roho ilikataa. Ndipo nikaagiza skana kupitia duka la Arusha, ikaja kwa basi.

Niitendee haki kwanza. Ni nyepesi kutumia kuliko jiko la gesi. Unapachika kipande kwenye fremu ya plastiki, unasukuma, picha inatokea kwenye kioo chake kidogo ikiwa imeshageuzwa kuwa ya kawaida, unabonyeza kitufe, inaingia kwenye memori kadi. Haihitaji kompyuta. Mwanangu wa miaka 12 alimaliza bahasha nzima wakati mimi napika. Kama shida yako ni kujua tu nani yuko kwenye negativu ipi, inatosha kabisa.

Shida zilianza nilipozifungua picha kwenye laptopu. Suti za wanaume zilikuwa mashimo meusi, huoni kola wala kifungo. Nguo nyeupe zilikuwa zimeungua, na Moshi miaka ile kila picha ya sherehe ina mtu wa nguo nyeupe: komunyo, kipaimara, ubatizo, harusi. Ngozi zetu zilitoka na rangi ya majivu. Kingo za picha inazikata yenyewe bila kukuuliza. Boksi limeandikwa megapikseli 22 kwa herufi kubwa. Kijitabu cha ndani, kwa herufi za kusoma na miwani, kinasema sensa yake, yaani jicho linalopokea picha, ni 13, zilizobaki mashine inazikisia. Negativu za mraba hazipiti kwenye tundu. Kilichonikata maini ni kwamba plastiki ya ndani ina ukingo mdogo ulioacha mchirizo kwenye kipande kimoja, mstari mmoja ulionyooka juu ya fremu zote tano. Huo hautoki tena.

Nikakaa nikafikiri. Skana hizi ndogo ndani yake ni kamera na taa tu. Kamera ninayo, ya simu, na ni bora kuliko ile. Taa ninayo, ule ubao wangu wa LED wa ukubwa wa A4.

Kilichobaki kilikuwa kushona. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoa kitako, nikalikata likabaki sentimita 10, ndani nikalivika kitambaa cheusi cha bitana ili bati lisirudishe mwanga. Simu inalala juu ya kopo, lensi inatazama chini. Kwa simu yangu, chini ya sentimita nane haioni vizuri, inahangaika tu. Yako pima mwenyewe kabla ya kukata kopo. Kadibodi ya boksi la viatu nikaikata dirisha la milimita 38 kwa 26. Fremu yenyewe ni 36 kwa 24, hizo za ziada ni za kukuonyesha ukingo mzima. Kadibodi hiyo niliiinua juu ya ubao kwa vipande vingine, kama sentimita mbili, kwa sababu negativu ikilala moja kwa moja juu ya taa, kila punje ya vumbi iliyoko kwenye ubao nayo inapigwa picha. Mwanzoni nilibana negativu kwa kioo cha fremu ya ukutani ili inyooke. Usifanye hivyo. Kioo kikigusana na upande unaong'aa, picha inajaa duara za rangi kama mafuta juu ya maji. Vipande vilivyojikunja nililaza katikati ya karatasi safi, juu yake Biblia ya mama, usiku kucha.

Picha unapiga kwa kuchelewesha sekunde mbili, au kwa kitufe cha sauti cha hedifoni, ili usiitikise simu. Taa ya ubao iwe kwenye mwanga wa juu kabisa. Nilipoipunguza nilipata michirizi ya mlalo kama shuka la hospitali, maana taa hizo zikipunguzwa huwa zinawaka na kuzima haraka sana, jicho halioni ila simu inaona. Taa nyingine zote zima, pazia funga.

Vumbi ndilo lililonitesa kuliko yote. Nilianzia kibandani, ujinga mtupu, maana hewa ya kibanda cha fundi ni nyuzi tupu. Unyuzi ambao huuoni kwenye negativu unakuwa kamba ya katani kwenye picha. Nikahamia chumbani, asubuhi baada ya kupiga deki. Kupulizia nilitumia ile pampu ya mpira ya kuvutia mafua ya mtoto, mpya, sikutumia mdomo hata mara moja, mate yanaacha alama. Zenye alama za vidole nilifuta kwa pamba na spiriti safi ya asilimia 99. Ile ya famasi ya 70 ina maji mengi mno, na upande wa dawa maji yanaulainisha.

Huo upande wa dawa ni wa kuujua. Negativu ina mbele na nyuma kama kitenge kilichochapwa upande mmoja: kuna upande unaong'aa na upande uliofifia, na uliofifia ndio wenye dawa. Ukiutazamisha ule unaong'aa kwenye kamera, picha inatoka sawasawa na maandishi ya pembeni yanasomeka. Ukikosea, kila kitu kinageuka kama kwenye kioo, na si rahisi kugundua kwenye nyuso. Mimi nilisaidiwa na mlima. Ukiwa Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Nilikuwa nimeshamaliza bahasha mbili nzima ndipo nikaona picha ya kaka yangu na Mawenzi imekaa kushoto, kana kwamba tulimpigia picha upande wa Kenya. Nikarudia zote.

Sasa rangi. Negativu za rangi zina ule uchungwa uliotanda kote. Nilidhani ni uzee. Kumbe kiwanda kiliuweka makusudi, kurekebisha kasoro za rangi za filamu yenyewe wakati wa kusafisha picha kwenye karatasi. Karatasi ya studio ilitengenezwa ikijua hilo, simu haijui. Kwa hiyo ukiigeuza tu, uchungwa unageuka kuwa ubuluu na watu wote wanakuwa wamezama Ziwa Chala.

Natumia GIMP, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, ni ya bure. Nageuza rangi kwanza, kisha nafungua ile grafu ya viwango, naenda nyekundu, kijani na bluu moja moja, nasogeza vishikio vya pembeni hadi pale mlima wa grafu unapoanza na unapoishia. Hapo asilimia kubwa ya ubuluu inaondoka. Kilichobaki natafuta kitu ninachojua kilikuwa cheupe. Hapo ndipo zile nguo za komunyo zinalipa deni lao. Na kitu kimoja nilichokuja kukijua kwa kuchelewa: usiiachie simu ijiamulie rangi na mwanga kwa kila fremu. Nenda sehemu ya Pro ya kamera ya simu, unapojipangia mwenyewe, funga kila kitu kwa mkanda mzima, ukipata marekebisho mazuri ya fremu ya kwanza zinazofuata unayahamishia tu.

Baada ya kukata kingo nabaki na picha yenye pikseli karibu 2,000 kwa upande mrefu. Kusafisha inchi 4 kwa 6 kwa kiwango cha kawaida cha pikseli 300 kwa inchi kunataka 1,800, kwa hiyo za albamu zinatoka safi. Za kukuza za ukutani hapana. Kwa hizo nilichagua fremu sita nikapanda basi kwenda Arusha kwa rafiki mwenye Epson V600, skana ya mezani yenye taa kwenye mfuniko. Ni kifaa cha heshima. Ina mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotafuta vumbi na kulifuta lenyewe kwenye filamu za rangi. Kwenye nyeusi na nyeupe hiyo huduma haifanyi kazi, maana picha yake imetengenezwa kwa chembe za fedha, na fedha inauziba ule mwanga kama vumbi tu. Ni ya polepole, kwa ubora mkubwa unaweza kupika chai fremu moja ikiendelea. Ningekuwa na hela ya kutupa ningeinunua. Kwa fremu 612 na kibanda cha kufungua saa mbili asubuhi, simu inanitosha.

Tofauti ya kweli niliiona kwenye harusi ya mama, mwaka 1987. Kwenye albamu shela lake ni kipande cheupe tu, limeungua kuanzia kiunoni hadi chini. Skana ndogo nayo ililitoa vilevile, kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nikaamini ndivyo ilivyopigwa. Kwa picha ya simu, nilipokwisha kuigeuza kwenye GIMP nikaushusha mwanga kidogo, gauni likaanza kuonekana: lesi ya kifuani, kisha mikunjo, kisha chini kabisa mstari wa kivuli, shubiri nzima kutoka kwenye pindo. Negativu ilikuwa imeyahifadhi yote, sehemu nyeupe ndizo zenye dawa nzito zaidi. Studio ya wakati ule ndiyo haikuhangaika nazo.

Mimi ni fundi, mstari ule naujua. Lile gauni lilikuwa limepindwa kwa ndani na halijashonwa. Kwenye ile ya Epson nilihesabu pini saba, ya saba imekaa upande.

Nikapanda Uru Jumapili na laptopu. Mama akavaa miwani, akatazama muda mrefu, akacheka mpaka akashika mbavu. Shela lilikuwa la kuazima, la binti wa mjomba wake, msichana mrefu kama mgomba. "Tuliambiwa tulirudishe Jumatatu. Sasa tungelikata?" Kisha akauliza, "Hizo pini si unaweza kuzifuta na hiyo mashine yako?" Nikamwambia naweza. Akafikiri kidogo, akasema niziache, ila nisiitume kwenye grupu.

Hali ilivyo sasa: miezi miwili ya jioni, nimemaliza fremu 540 hivi. Nakala moja iko kwenye diski ya nje, nyingine kwa kaka yangu Dar. Negativu zenyewe nimezirudisha kwenye bahasha mpya za karatasi, isipokuwa bahasha moja iliyokuwa inanuka siki nilipoifungua. Hiyo nimeitenga kwenye kopo lake, kwa sababu filamu ikianza kunuka hivyo inaoza, na mvuke wake unaziharakisha za jirani. Nimezipiga za humo kwanza kabla ya zote. Za mraba zinahitaji dirisha jipya la kadibodi, na kopo pana zaidi.

Skana? Jirani aliiomba wiki iliyopita, ana bahasha zake tatu. Nimempa na boksi lake, nikamwonyesha ile plastiki inayochubua, na nikamwambia asiwe na haraka ya kuirudisha.