Chumba cha kutengea wagonjwa cha kukunja: kazi inafanya, ila hiyo zipu!
Tumekitumia wodini miezi kama mitatu hivi na kusema kweli sina ugomvi na hewa yake, feni inavuta inapitisha kwenye filta ya HEPA ile ya kunasa 99.97% ya chembe za maikroni 0.3, kwa hiyo presha ya ndani inabaki chini kuliko ya nje na vijidudu havitoki kwenda kwa wagonjwa wengine. Shida ni mlango jamani. Zipu! Nesi kashika trei mikono miwili ataifungaje? Ikiachwa wazi kidogo tu geji ya tofauti ya presha ya ndani na nje inakimbilia sifuri. Aliyebuni sidhani kama amewahi kushika zamu ya usiku. Afu feni inanguruma, mgonjwa halali. Plastiki yake lakini inafutika na klorini vizuri tu.