Diski moja kwa Windows, Mac na Ubuntu: uzoefu wangu na exFAT

Kazi yetu ni kupiga na kuhariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa bibi harusi) hapa Kampala, na diski ya nje inasafiri kuliko sisi wenyewe. Mimi natumia laptopu ya Windows, mwenzangu ana MacBook, na kijana anayeturushia sherehe mubashara ni mtu wa Ubuntu, yaani mfumo wa Linux, hataki kusikia habari ya kitu kingine. Kwa hiyo nilipokwenda mjini kutafuta diski ya TB 1, sikujali rangi wala kasha. Nilitaka ifanye kazi kwenye mashine zote tatu bila maneno mengi.

"Dada, hii inaingia popote," muuzaji akaniambia. Kuingia iliingia. Ilitoka dukani na fomati (namna diski inavyopanga faili zake) ya NTFS, ambayo ni ya Windows tangu enzi za Windows NT mwaka 1993. Kwangu ikaenda vizuri, na Ubuntu ikaisoma na kuiandika. Kwenye MacBook faili zote zilionekana na video zikacheza, lakini ukitaka kuweka faili mpya, hakuna njia: Mac yenyewe inasoma NTFS, haiandiki. Zipo programu za kulipia za kuondoa kizuizi hicho, ila sioni sababu ya kuilipia kila Mac ninayokutana nayo kazini.

FAT32, fomati nyingine, hatukuijadili. Inakubalika karibu kila mahali, hata kwenye redio za magari, lakini haipokei faili moja inayofika GB 4, na kwenye kwanjula hotuba za wajomba peke yake zinapita hapo.

Ikabaki exFAT. Microsoft waliileta mwaka 2006, Mac ikaanza kuiandika kwenye toleo 10.6.5 la mwaka 2010, na Linux ikaipata ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) kuanzia toleo 5.4, mwishoni mwa 2019, baada ya Microsoft kuweka hadharani maelezo yake ya kiufundi. Ukiwa na Ubuntu ya zamani zaidi ya hapo, utasakinisha kifurushi cha ziada. Kadi za kamera za GB 64 na kuendelea huja na fomati hiyohiyo, kwa hiyo wengi wetu tumeitumia miaka mingi bila kuijua. Nilihamisha kwanza vilivyokuwemo, maana kufomati kunafuta kila kitu, kisha nikaifomati kwenye Windows. Tangu siku hiyo diski inazunguka kwa watu watatu na kila mmoja anasoma na kuandika anavyotaka. Kwa kazi hiyo naipa alama zote.

Sasa yale ambayo muuzaji hakuyasema. NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko inayofanya, hivyo waya ukichomoka ghafla ina pa kuanzia kujirekebisha. exFAT haina kitu hicho. Mteja mmoja alikuja kuchukua video, bodaboda inamngoja nje, akaichomoa diski mwenyewe huku bado inanakili. Ilipofika kwenye MacBook, taa ilimetameta tu na kwenye skrini hakukutokea kitu. Mwenzangu alikuwa tayari kuirudisha dukani. Tukafungua Activity Monitor, programu ya Mac inayoonyesha kazi zinazoendelea, tukakuta kazi inaitwa fsck_exfat: Mac ilikuwa inaikagua diski nzima kimyakimya kabla ya kuifungua. Diski ikiwa imejaa, ukaguzi huo unachukua muda mrefu, na Mac haikuambii lolote. Tuliiacha tukaenda kula. Tuliporudi ilikuwa imefunguka, na iliyoharibika ni ile faili moja iliyokuwa njiani. Siku hizi mteja haruhusiwi kuugusa waya, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) hainakili chochote kwenye diski hii, kwa sababu umeme ukikatika ni yaleyale.

Jambo la pili linachekesha mpaka limpate mteja wako. Mama wa bibi harusi alinipigia simu: "Mwanangu, mbona nusu ya video zimekufa?" Kwenye TV yake kila video ilikuwa na pacha, jina lilelile likianza na nukta na mstari wa chini, ukubwa wa KB 4, na halifunguki. Hizo ni faili ambazo Mac hujiandikia taarifa zake kila inapoweka kitu kwenye fomati isiyo yake. Mwenyewe haizionyeshi, wengine wote wanaziona. Kabla ya kumkabidhi mteja, mwenzangu anafungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) na kuendesha amri ya dot_clean -m kwenye folda, zinaondoka.

Halafu kuna nafasi. Windows ikifomati diski ya ukubwa huu kwa exFAT inaigawa vipande vya KB 128, wakati NTFS hutumia KB 4, na hata faili ya KB 1 inamiliki kipande kizima. Kwa video kubwa hutaona tofauti. Folda za muda za programu ya kuhariri, zenye maelfu ya vifaili, zilivimba mno, nikazirudisha kwenye diski ya ndani. (Na Windows ikikuonyesha GB 931 badala ya TB 1, hujaibiwa, inahesabu kwa 1024 wakati mtengenezaji anahesabu kwa 1000.)

Nakala za akiba siziweki humu. Nimenunua diski nyingine iliyobaki na NTFS yake, haitoki kwenye droo ila siku ya kunakili, na mwenzangu ana yake ya Mac, kwa kuwa Time Machine, programu ya Mac ya nakala za akiba, haikubali exFAT. Kama nyumbani kwenu kuna Windows tu, msisumbuke kubadilisha fomati.

TV za wateja ndizo bado zinanisumbua. Baadhi, hasa za zamani, hazioni exFAT kabisa, zinasema tu hakuna kifaa. Kwa familia hizo natoa flashi ndogo ya FAT32 na video iliyokatwa vipande vya chini ya GB 4, na hapo ndipo hotuba ya mjomba inapokatika katikati, nami nasubiri simu.