Bolti imelika kichwa: kifaa gani ununue kwanza

Bolti ikishalika pembe, kila jaribio linaloshindwa hula chuma kidogo kati ya kile kilichobaki. Kwa hiyo vifaa hivi sikuvipanga kwa bei. Nimevipanga kwa swali moja: kikishindwa, kitaniachia nini? Kinachoshindwa na kukiacha kichwa bado kinashikika kimekaa juu. Kinachoweza kukatikia ndani ya bolti kimekaa chini, hata kama dukani ndicho rahisi kuliko vyote.

Gari lililotoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, litakuonyesha tatizo hili mapema. Vivyo hivyo gari linaloishi kando ya bahari, Mombasa, Tanga au Unguja. Wasumbufu ni walewale: bolti za eksozi, za kalipa (kibanio cha breki), za shokapu, na ile ya kumwagia oili chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Hiyo ya sampu mara nyingi haina hata kutu. Imekazwa kupita kiasi, kisha ikafunguliwa kwa spana isiyo saizi yake.

Ya kwanza: seti ya soketi za kung'olea bolti

Kwa nje inafanana na soketi ya kawaida. Igeuze uangalie mdomo: badala ya pembe sita zilizonyooka kuna matuta yaliyojipinda, yanayoelekea upande wa kufungua. Unaigonga kwa nyundo juu ya kichwa kilicholika, unazungusha kushoto, na matuta yanajikita kwenye chuma. Kadiri bolti inavyogoma ndivyo yanavyozidi kung'ata. Vifaa vingi huteleza nguvu ikiongezeka, hiki hukaza. Ndiyo maana ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiki.

Usiinunue ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Mwombe muuzaji afungue, kisha pitisha kidole ndani ya soketi moja moja. Unatakiwa usikie makali yakikwaruza ngozi. Yakiwa laini, kama yamefunikwa na rangi nene, yatalika kabla ya bolti. Tazama pia chuma: Cr-Mo (kromu na molibdenamu) ndiyo ya kutafuta, kwa sababu inavumilia mashine ya kufungulia tairi. Cr-V (kromu na vanadiamu) inafaa kwa nguvu ya mkono, lakini ikipigwa na mashine inaweza kupasuka. Herufi hizo mtu yeyote anaweza kuzigonga kwenye chuma chochote, kwa hiyo kidole chako kiwe na kauli ya mwisho.

Saizi ni muhimu kuliko idadi ya vipande. Mwenye Toyota anahitaji za milimita 10, 12, 14 na 17, na 21 kwa nati za tairi. Seti yenye vipande vingi lakini haina 12 wala 14 muachie muuzaji. Hakikisha pia kila soketi ina tundu linalopita mpaka nyuma, maana bolti ikishatoka hung'ang'ania ndani na utahitaji kuisukuma kwa panchi. Seti za Irwin Bolt-Grip zina pembe sita kwa nje, kwa hiyo unaweza kuzizungusha kwa spana pale ambapo racheti haiingii. Kwenye injini iliyobanana, hilo lina thamani kubwa.

Unapoitumia, gonga mpaka soketi ikae moja kwa moja na mlio wa nyundo ubadilike kutoka mzito kuwa mkali. Jaribu kwanza kukaza kidogo sana ili kuvunja kutu, ndipo ufungue kwa mkono mrefu, taratibu. Na kama uko kwenye lori la zamani la Kijapani, angalia kwanza herufi L kwenye stadi za tairi za upande wa kushoto: hizo hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, na watu wengi wameziharibu bure.

Ya pili: vaisi gripu

Ni koleo linalojifunga na kubaki limeng'ata. Mhunzi William Petersen wa DeWitt, Nebraska, Marekani, ndiye aliyeibuni miaka ya 1920, na umbo lake halijabadilika sana. Chukua ya inchi 10 yenye taya zilizopinda. Kaza skrubu ya nyuma mpaka kuifunga kuhitaji mikono yote miwili; ikifungika kirahisi itateleza. Inataka kichwa kilichochomoza na nafasi ya kuzungusha mkono, ndiyo sababu haikushika nafasi ya kwanza. Usiibanie nipo ya breki (kiskrubu cha kutolea hewa) iliyolika, maana nipo ina tundu katikati na itabonyea.

Mafuta ya kupenya kutu sikuyapa nafasi kwa sababu yanakwenda na kila kifaa hapa. WD-40 ya kopo la kawaida kazi yake kubwa ni kufukuza unyevu. Omba yaliyotengenezwa mahsusi kwa bolti zilizoganda. Pulizia jioni, ufungue asubuhi. Mafuta ya breki ambayo mafundi wengine huyatumia yanababua rangi ya gari.

Ya tatu: soketi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo

Hii ni ya mwenye bajeti finyu. Bolti ya 10 iliyolika hupokea soketi ya inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.5. Ya 13 hupokea ya nusu inchi, milimita 12.7. Ya 14 unaigongea ya 13. Nunua moja moja kwa wauza vifaa vya mitumba, kwa sababu nyingine zitapasuka. Chagua pembe sita, kamwe si kumi na mbili. Ile ya kumi na mbili hushika kwenye ncha za pembe tu, na ndiyo inayokula pembe za bolti nyingi tangu mwanzo.

Ya nne: mlipe fundi wa kuchomelea

Kichwa kikikatika na kubaki kisiki, weka nati juu yake, fundi ajaze chuma katikati. Nati mpya inakuwa kichwa kipya, na joto lenyewe limeshavunja kutu. Kwa kisiki kwenye eksozi sijaona njia ya kuaminika zaidi. Chomoa waya hasi wa betri kabla hajaanza, na usikubali ifanyike karibu na tangi au mipira ya petroli.

Ya mwisho: vyuma vya kuingiza ndani ya bolti

Unatoboa bolti kwa drili, kisha unakiingiza chuma hicho kwenye tundu kikizunguka kinyume. Vimejaa madukani na ni rahisi, lakini fikiria: bolti imeshinda ikiwa na kichwa kizima, sasa unaidai kwa kijiti chembamba. Chuma chake ni kigumu sana, na kikikatikia ndani biti ya kawaida haikitoboi. Kwa pesa hiyo tafuta biti za drili zinazokata kuelekea kushoto. Mara nyingi biti hunasa na kuitoa bolti yenyewe wakati bado unatoboa. Drili yako iwe na uwezo wa kurudi nyuma.

Ukishaitoa, nenda nayo dukani. Usitegemee urefu na unene peke yake: bolti yenye unene wa milimita 10 inaweza kuwa na uzi ulioachana milimita 1.25 au 1.5, na zinadanganyana mizunguko miwili ya kwanza. Soma namba juu ya kichwa, inayoonyesha uimara wa bolti. Kama ya zamani imeandikwa 10.9, usipokee 8.8, na kwenye kalipa usifunge bolti isiyo na namba.