Bima ya nyumba kwa nyumba ya zamani mjini Moshi: benki, wakala na dalali

Wengi wetu hapa Moshi tunaijua bima kupitia gari: ndogo au kubwa, na askari wa barabarani akituuliza. Bima ya nyumba haina mtu wa kuiulizia njiani, na ndiyo sababu nyumba ambayo wazazi waliijenga kwa miaka ya jasho hukaa bila kinga yoyote, huku gari lililoegeshwa uani likiwa na bima kubwa. Tathmini hii inahusu nyumba ya mama yetu iliyo mjini, ya matofali ya kuchoma, yenye dari ya mbao na nyaya za umeme zilizowekwa kabla sisi wanawe hatujazaliwa, ambayo tuliikatia bima baada ya kulinganisha huduma za aina tatu: ya benki, ya wakala wa kampuni ya bima, na ya dalali wa bima. Sitataja majina ya ofisi, kwa kuwa ninachokipima ni namna kila njia inavyoishughulikia nyumba yenye umri mkubwa.

Benki ndiyo iliyokuwa na bei ndogo na mwendo wa haraka kuliko wote. Fomu ilikuwa fupi, haikuuliza nyumba ilijengwa lini wala imeezekwa kwa nini, na hakuna aliyependekeza kuja kuiona. Kiasi cha bima kilichopendekezwa kilitokana na mkopo ambao familia ilikuwa inaufikiria, yaani kiasi cha kuilinda benki, na hapo ndipo nilipoona kwamba huduma hiyo haikututazama sisi. Mkopo unaweza kuwa nusu ya gharama ya kuijenga nyumba au hata chini ya hapo. Wengine hukimbilia upande wa pili na kuandika bei ambayo nyumba ingeuzwa, ambayo karibu na katikati ya mji hubebwa zaidi na thamani ya kiwanja. Mwenye nyumba wa namna hiyo hulipa ada kila mwaka kwa ajili ya ardhi, na ardhi haiungui. Kiasi kinachotakiwa ni gharama ya kuisimamisha tena nyumba ile ile kwa bei za leo za saruji, mbao, mabati na mafundi, pamoja na gharama ya kubomoa na kuondoa kifusi, na ada ya mchoraji wa ramani.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu adhabu yake haionekani mpaka siku ya hasara. Mikataba mingi ya bima ya nyumba ina kifungu kinachosema kwamba nyumba iliyokatiwa bima pungufu italipwa kwa uwiano huo huo wa upungufu. Chukua mfano wa nyumba ambayo kuijenga upya kunahitaji shilingi milioni 120, na mwenyewe ameikatia bima ya milioni 60 ili apunguze ada. Moto ukiunguza paa na vyumba viwili na kuleta hasara ya milioni 20, hatalipwa milioni 20 ingawa kiasi hicho kiko chini kabisa ya milioni 60 alizoziandika. Atalipwa milioni 10, kwa kuwa ameikinga nusu ya nyumba tu, na hata kwenye hizo milioni 10 kampuni itaondoa sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kwa mkataba mwenye nyumba hujibebea. Katika ofisi zote tatu, ni dalali peke yake aliyetueleza kifungu hiki kabla hatujamuuliza.

Wakala alikuwa mtu mwema na mwenye subira, alifika nyumbani, akanywa chai na mama na kumsikiliza. Udhaifu ulikuwa kwenye bidhaa aliyokuwa nayo, ambayo ililipa thamani ya kitu baada ya kukatwa uchakavu. Kwa nyumba mpya ya Njiro kule Arusha, tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo. Kwa nyumba yetu ilimaanisha kwamba paa lililodumu miongo kadhaa likiungua, fidia ingehesabiwa kama paa kuukuu, ilhali dukani hakuna anayeuza mabati makuukuu wala fundi anayetoza ujira wa zamani. Ipo aina nyingine, inayolipa gharama ya kurudisha kitu kipya cha aina ile ile, na mwenye nyumba ya zamani anapaswa kuiulizia kwa maneno hayo hayo na kuona imeandikwa kwenye hati, hata kama ada yake ni kubwa zaidi. Niseme pia, kwa haki, kwamba wakala huwakilisha kampuni, wakati dalali kwa kazi yake humwakilisha mteja. Si ajabu kwamba wa kwanza alikuwa na bidhaa ya kampuni yake tu mkononi.

Dalali alitusumbua, na kwa usumbufu huo ninampa alama za juu. Alimleta mkaguzi aliyepanda darini, akafungua swichi kuu, akapiga picha nyufa za ukuta wa nyuma, akauliza kuhusu chumba cha mbele ambacho mama amekipangisha kwa mshona nguo. Alitushauri tumtafute mkadiriaji majenzi atuandikie gharama ya kujenga upya, na kampuni ikaweka sharti kwamba nyaya za zamani zibadilishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla ya bima ya moto kuanza. Gharama hiyo iliumiza. Lakini zile nyaya zilizochakaa zilikuwa hatari kwa mama anayelala humo, na swali la chumba cha mbele lilikuwa la lazima: nyumba ikiandikwa kuwa ni ya makazi tu kumbe kuna biashara ndani, mitungi ya gesi au pasi zinazowaka kutwa, kampuni inaweza kukataa dai kwa hoja kwamba ilifichwa jambo la msingi. Ni heri kuulizwa siku ya kukata bima kuliko siku ya kudai.

Kuna jambo la familia ambalo nyumba za zamani hubeba na ambalo fomu ya benki haikuligusa. Hati nyingi za nyumba mjini hapa bado zina jina la baba au babu aliyefariki. Anayekata bima lazima awe na maslahi yanayotambulika katika mali hiyo, na fidia hulipwa kwa mtu mwenye haki ya kuipokea. Kwa hiyo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayestahili kuandikwa hadi umiliki uhamishwe. Kuandika jina la mtoto mwenye kazi nzuri kwa sababu tu ndiye anayelipa ada ni kuwaandalia ndugu ugomvi.

Kuhusu majanga, someni hati ya bima kifungu kwa kifungu. Mchwa, unyevu unaopanda ukutani na uchakavu wa kawaida havilipwi, na nyumba ya zamani ina vyote vitatu. Tetemeko la ardhi liulizieni waziwazi, kwani kanda hii iko jirani na Bonde la Ufa: Julai 2007 mitetemeko iliyotokea upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai ilisikika mbali, na ile ya Bukoba ya Septemba 2016 ilionyesha jinsi kuta za matofali zinavyoanguka. Mafuriko nayo yaulizieni, hasa walio kwenye mabonde ya mito. Kipo pia kifungu cha nyumba kukaa tupu kwa muda mrefu, ambacho huondoa au hupunguza kinga, hasa ya wizi. Familia inayofunga nyumba ya mjini Desemba na kupanda Machame, Kibosho au Rombo ikakaa huko mpaka shule zifunguliwe inapaswa kujua mkataba wake unaruhusu siku ngapi.

Masika yaliyofuata, upepo mkali uling'oa mabati ya barazani. Tulitoa taarifa mara moja, tukapiga picha, tukafunika kwa turubai ili mvua isiongeze hasara, na mtathmini wa kampuni akaja. Tulilipwa kiasi tulichotegemea baada ya kuondolewa sehemu yetu, ingawa kila hatua ilihitaji dalali awapigie simu. Kama dai lingekataliwa bila sababu ya haki, tulikuwa tumekwisha kujua kwamba kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na kwamba TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ndiyo inayozisimamia kampuni zote za bima. Kabla ya kulipa ada, hakikisheni kupitia mfumo wa TIRA kwamba hati mnayopewa ni halali, na lipeni kwa kampuni yenyewe.

Kwa wanaokaa kwenye fleti, neno ni fupi. Mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa anahitaji bima ya vyombo na samani, si ya jengo. Aliyenunua sehemu chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo aanze kwa kuomba nakala ya bima ya jengo zima kutoka kwa umoja wa wamiliki, ndipo akate ya vilivyo ndani ya kuta zake.

Ninaipendekeza huduma ya dalali kwa yeyote mwenye nyumba ya umri huu, nikiwa na ombi moja kwa kampuni iliyo nyuma yake. Hati tuliyopewa imeandikwa yote kwa Kiingereza, na mama, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi na ndiye aliyetia saini, ilibidi asomewe na mjukuu. Ukurasa wa mambo yasiyolipwa, angalau huo, uchapishwe kwa Kiswahili kabla ya mkataba ujao.