Baiskeli ya matairi manene: niliona kosa, nikanyamaza

Naanza na pedali ya kushoto ya hii baiskeli niliyonunua. Nikianza na mengine hasira itapoa, na sitaki ipoe kabla sijamaliza kuandika.

Pedali ya kushoto haifungwi kama nati ya kawaida. Unaizungusha kinyume, ili ukikanyaga siku nzima isijifungue yenyewe. Na hakuna sababu ya kukosea, maana kila pedali imepigwa herufi kwenye mhimili wake: L ya kushoto, R ya kulia. Haya nayajua tangu sijaanza shule. Baba yangu alikuwa mtu wa boda Kondele, enzi za baiskeli, kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, yenye kiti cha sponji nyuma, mpaka pikipiki zilipomwondoa barabarani. Jioni aliipindua juu chini uani, na mwenye kushika kopo la nati nilikuwa mimi.

Sasa niko dukani, duka moja hapa Kisumu, wenyewe watajijua. Shule zimefungwa, mvua bado. Pesa za chama, shilingi 28,500, zimeshaingia kwenye till yao. Kijana aliyepewa kazi ya kunifungia baiskeli anachukua pedali yenye R anaipeleka kushoto.

Nikamwambia, "Kijana, hiyo ni ya upande ule."

Hakuinua kichwa. "Mathe, tulia. Hizi nimefunga mia."

Yule wa kaunta akaongezea, kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Si ungekuja na mzee akuangalilie? Hiyo ni mashine ya wanaume." Wateja wawili wakacheka. Mmoja wao alikuwa amekuja kununua kengele.

Pedali ilikataa, kama ilivyopaswa. Kijana akaleta spana ndefu, akakaza mguu kwenye fremu, akavuta. Pedali ni chuma, krenki, ule mkono unaoibeba, ni aluminiamu, kwa hiyo aliyeliwa ni krenki. Niliuona unga unaong'aa ukidondokea ndara zake. Ikaingia mizunguko mitatu, minne hivi. Akahamia kulia na ile ya L, ikagoma kabisa, na hapo ndipo akasimama. Akaziangalia zote mbili. Akaichomoa ya kushoto, akazibadilisha, akafunga, hakusema neno wala hakunitazama.

Na mimi sikusema neno. Mwalimu mzima, wa kunyamazisha wanafunzi 60. Nikapokea risiti iliyoandikwa chini kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, nikasema asante. Asante ya nini?

Kwa nini niliitaka baiskeli ya aina hii, watu wameniuliza sana. Ninaishi upande wa Nyamasaria na shule yangu iko ndani ndani huko Kolwa, na anayejua udongo mweusi wa tambarare za Kano haulizi tena. Mvua ikinyesha siku mbili ule udongo unakuwa gundi. Unashika tairi, unajaa kwenye uma unaoshika gurudumu, unakujaza viatu mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu. Pikipiki nazo siku hizo zinadai nauli maradufu, na bado unashushwa katikati ya dimbwi na kuambiwa "madam, vuka hapo tu". Mwanangu ndiye aliyenionyesha hizi baiskeli kwenye simu, watu wa Alaska wakipita juu ya theluji na matairi ya upana wa inchi 4. Nikajiambia kama zinaelea juu ya theluji, zitanivusha Kolwa.

Nyumbani nilianza upya kila kitu walichofunga. Usukani ulikuwa umekaa upande kidogo, kama mtu aliyelala vibaya. Diski ya breki ya mbele ilikuwa ikisugua na kulia kila mzunguko. Hiyo nililegeza nati mbili za kishikio cha breki, nikabana breki kwa mkono ili kijipange chenyewe, nikakaza, ikanyamaza. Matairi walikuwa wameyajaza kwa kompresa kama ya matatu. Ukiligonga linalia ngoma, na kwenye bampu ya kwanza nilirushwa nikatua nje ya kiti, mbele ya kibanda cha mama wa omena. Matairi haya hayataki hivyo. Nilitoa upepo mpaka presha ya psi 10 hivi, ukiliminya kwa kidole gumba linakubali kidogo, na hapo ndipo baiskeli ikaanza kuwa baiskeli. Kwenye lami naongeza, la sivyo inavuta kama inaburuta gunia na inavuma kama nyuki, watoto wanageuka kutafuta gari liko wapi.

Pedali ya kushoto pia niliikaza mwenyewe. Iliingia kwa ulaini ambao sikuupenda. Nilijua. Nikaacha.

Mvua ilipokuja, nisiseme uongo, nilifurahi kama mtoto. Siku ya kwanza ya matope nilipita pale ambapo pikipiki tatu zilikuwa zimekwama, wenyewe wamevua viatu wanasukuma. Mimi nikapita pole pole, gia nyepesi, nimeketi. Kijana mmoja akaniita, "Madam, hiyo ni trakta?" Nilifika shuleni na viatu vile vile nilivyotoka navyo nyumbani, jambo ambalo msimu wa mvua halijanitokea tangu nihamishiwe pale. Kama ningeandika siku hiyo, mngesoma maneno matamu matupu na nyota tano.

Siku ya kuharibika ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa naenda Kiboswa kwa mamangu mdogo. Hadi Kondele sawa, Mamboleo sawa, halafu ule mlima unaanza. Aliyepanda kutoka Mamboleo anajua kwamba pale hupumziki, unakanyaga tu. Nikasikia tak. Nikadhani ni jiwe. Tak tena. Halafu mguu wa kushoto ukaenda chini bila kukutana na kitu, mwili wote ukaufuata, na lori la mawe liko nyuma yangu linapanda likiunguruma. Nilianguka upande wa mtaro. Nashukuru Mungu kwa huo upande. Nilipoinuka pedali ilikuwa bado iko chini ya kiatu changu, imeng'oka na mhimili wake, imebeba ukanda mwembamba wa aluminiamu uliojikunja kama ganda la penseli iliyochongwa. Hizo ndizo thredi za krenki yangu, yale meno ya ndani yanayoshika pedali. Goti lilikuwa linatoka damu na mimi nimesimama natazama ule ukanda, namwona yule kijana na spana yake ndefu.

Nilisukuma baiskeli hadi chini Mamboleo, na inataka kusukumwa, ni nzito hii, msidanganyike na picha.

Jumatatu nikarudi dukani na ule ukanda nimeufunga kwenye karatasi. Wa kaunta akautazama kama nimemletea kucha. "Mama, umekanyaga vibaya. Hizi hazitaki uzito mwingi." Uzito! Nikamweleza L na R, taratibu, kama ninavyoeleza sehemu za maua. Akasema baiskeli ikishatoka mlangoni ni mali yangu na shida zangu, ila krenki mpya anaweza kuniagizia kutoka Nairobi, kwa pesa zangu, nisubiri. Sikupiga kelele. Nilitamani sana.

Nikiwa nje nafungua kufuli, yule kijana aliyeifunga akanifuata. Akasimama kando, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini ulijuaje hiyo ya kushoto?" Sikumjibu. Nilipanda pikipiki na baiskeli yangu ikafungwa nyuma kwa kamba, tukaondoka. Hilo linanisumbua kidogo, kwa sababu inaonekana hakuna aliyewahi kumwambia, na pale dukani hakuna wa kumwambia. Lakini goti langu lilikuwa na plasta.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Kibuye, mzee anayekaa chini ya mwavuli uliochanika, spoki zimening'inia kichwani pake. Alitia kidole kwenye tundu la krenki, akazungusha mara moja, akasema, "Nyara," yaani binti yangu, "nani alifunga hii?" Nikasema dukani. Akacheka hadi akakohoa. Akapekua ndoo ya vyuma vya baiskeli zilizokufa, akatoa krenki ya kushoto ya rangi ya fedha, akaing'oa yangu nyeusi, akagonga ile, akakaza. Imebaki nafasi ya kidole kimoja kati yake na fremu. Shilingi 600, pamoja na kunioshea cheni. Nilimwambia, "Jaduong'," yaani mzee, "ahsante," na hiyo asante ilikuwa na maana yake.

Shida ni moja, krenki hii ni fupi kuliko ya kulia, kama nusu sentimita. Ukikanyaga unahisi mguu mmoja una kazi ndogo kuliko mwenzake, kama kuchechemea ukiwa umekaa. Mwanangu anasema nikitazamwa kwa nyuma nacheza benga.

Sasa uamuzi. Duka, sifuri, na chini ya sifuri kama ingewezekana. Baiskeli yenyewe nilitaka kuipa nyota mbili, maana ni aibu kuuza kitu ambacho ukitafuta tyubu yake mjini wanakuonyesha ya 28 ya Black Mamba wakikwambia itavutika tu. Lakini nikikumbuka zile pikipiki tatu zimekwama, siwezi kuipa mbili. Nne. Mtu wa Kano, wa Nyando, mtu yeyote mwenye ule udongo mlangoni, anunue, ila aichukue ikiwa bado kwenye katoni, aifungie nyumbani au ampelekee fundi mzee. Na akiona kijana anapeleka R kushoto, amnyang'anye spana, hata kama duka zima linacheka.

Nimerudi sasa hivi kutoka shuleni nikiwa katikati ya kuandika haya. Pale karibu na daraja, upande wa kushoto, nimesikia tak. Moja tu. Nyota tatu, mpaka Jumapili nifike Kibuye.