Rangi nyeusi ya maji nyuma ya tangi la samaki

Mimi ni kinyozi, Wete. Tangi langu la samaki lipo kibandani, pembeni ya kioo cha kunyolea, urefu futi 3. Miaka miwili mteja akikaa kitini anaona samaki wanne wa dhahabu, mmoja mweusi wa macho ya kutoka, waya mbili, na ukuta wangu uliochubuka kwa chumvi. Niliwahi kubandika ile karatasi ya plastiki yenye picha ya matumbawe. Haikumaliza mwezi. Kila nikibadilisha maji, matone yanapenya baina ya karatasi na kioo, picha ikaota mabaka kama godoro la mtoto.

Safari hii nikanunua rangi ya maji ya ukutani, nyeusi isiyong'aa, kopo la lita 1 kwa shilingi 10,000 huko Chake, na rola ndogo ya sponji 3,000. Muuzaji alining'ang'ania nichukue ya mafuta: "Ndiyo inayoshika kioo, yakhe." Kweli inashika zaidi. Lakini inanuka siku kadhaa, na mimi asubuhi nna watu. Tena ya maji ukiichoka unaikwangua kwa wembe, na wembe kwangu si wa kutafuta.

Kila mtu ananiuliza: samaki hawafi? Rangi inapakwa mgongoni, nje ya kioo, maji hayaigusi. Ndani usithubutu.

Maji sharti uyatoe. Tangi kama langu linachukua lita 120 na ushei, yaani kilo 120 na ushei, nani atalisogeza? Samaki niliwatia ndooni na maji yao yale yale, na sponji la chujio humo humo, maana likikauka vijidudu vinavyosafisha maji vinakufa. Kioo nikakipangusa mara mbili kwa spiriti ile ile ninayowapaka wateja shingoni, kwani penye alama ya kidole chenye mafuta rangi haikai. Kingoni tepu ya karatasi.

Mkono wa kwanza wa rangi ulinivunja moyo. Rola likipita, rangi inajikusanya visiwa visiwa, baina yake kioo kitupu. Nusra nikwangue yote. Uache hivyo hivyo, mwembamba. Ukirudia juu ya rangi iliyoanza kukauka, rola linaibandua kama ngozi. Kopo limeandikwa ungoje saa 2 baina ya mkono na mkono. Aliyeandika hajaiona masika ya Pemba: mimi nilingoja tangu adhuhuri hadi isha, na feni juu yake. Baada ya mkono wa tatu nikawasha tochi ya simu nyuma, nikatazama kwa mbele. Vitobo kama nyota, vingi upande wa kushoto, nilipoanzia. Mkono wa nne ukaviziba. Kabla ya kubandua tepu nilipitisha wembe ukingoni, la sivyo inaondoka na rangi.

Sasa dhahabu inawaka. Ukuta umepotea, waya zimepotea, hata mpira wa hewa ulio ndani humo, kwa kuwa ni mweusi, huuoni mpaka uonyeshwe.

Malalamiko ninayo. Lita 1 ni nyingi mno, sikutumia hata robo. Iliyobaki nimepakia benchi la wateja. Halafu rangi yenyewe ni laini. Siku moja natia maji kwa jagi yakachuruzika nyuma. Asubuhi nikakuta lengelenge kama sarafu, nikaligusa kwa ukucha likatoka zima. Sasa kabla ya kutia maji natandaza taulo ukingoni. Na hili sikulijua: nyuma kukiwa kweusi, kioo cha mbele kinakuwa kama cha kujitazamia. Taa zangu zote zimo humo. Juzi mzee mmoja aliinamia tangi akakagua ndevu zake, na kioo chenyewe kipo mkono wake wa kulia.

Nyota 4 kati ya 5. Kwa rangi ya buluu pengine ningetoa zote, kwa sababu ya yule samaki mweusi. Mtoto wa dada yangu kila akija ananiuliza, "Mjomba, umemuuza kwa nani?" Namwambia akae kimya, atazame pale chini kwenye kona. Baada ya muda yanapita macho mawili.